MAELEZO KUHUSU DAWA YA KUTULIZA UVIMBE MWILINI

Watumishi wa Serikali na wananchi wanaarifiwa kuwa uvimbe wenye joto na maumivu ni kinga ya mwili dhidi ya vijidudu au jeraha. Lakini ukizidi huharibu viungo vyenyewe. Deksamethasoni huutuliza, ila haifai kwa kila ugonjwa.

Huko Thailand, utafiti wa mwaka 1982 uliwahusu wagonjwa 100 waliopoteza fahamu kwa malaria ya ubongo. Waliopewa dawa hiyo walichelewa zaidi kuzinduka, na vifo havikupungua. Lakini nchini Vietnam, mwaka 2004, katika homa ya uti wa mgongo itokanayo na kifua kikuu, walikufa asilimia 32 ya walioongezewa dawa hiyo hiyo juu ya dawa za kifua kikuu, na asilimia 41 ya wasioongezewa. Uingereza, mwaka 2020, ilipunguza kwa theluthi moja vifo vya wagonjwa wa UVIKO-19 waliopumua kwa mashine. Wasiohitaji oksijeni haikuwafaa.

Kwa hiyo, kumpa mwenye homa vidonge vilivyobaki kwa jirani, hata kwa nia njema, ni hatari: homa hushuka, ugonjwa ukajificha. Aliyekwisha kuvitumia kwa wiki kadhaa naye asiache ghafla, bali amwone daktari ili vipunguzwe kidogo kidogo.