Udongo wa dampo: rahisi leo, hasara kesho

Ipo bidhaa moja ambayo haimo katika orodha ya bei za wiki, lakini inauzwa: udongo mweusi wa dampo. Wenye vitalu vya maua na bustani za mboga mijini huununua kwa kiroba wakiuhesabu kuwa mboji ya bei nafuu. Kabla ya kutoa fedha, mnunuzi hana budi kujua anachobeba.

Plastiki haiozi kama ganda la ndizi. Mfuko ukikaa dampo, jua huukausha, moto wa taka huukunja, magurudumu ya malori huusaga. Mwishowe hubaki vipande vilivyo chini ya milimita 5, ambavyo wataalamu huviita maikroplastiki. Vingine havionekani kwa macho. Mvua huvisomba hadi mitoni, na minyoo huvishusha chini ya ardhi.

Hapo ndipo hasara inapoanzia. Chekeche huzuia kisoda na kipande cha mfuko, lakini chembe hupita. Ikishamwagwa kitaluni, haitoki tena.

Wala haiji peke yake. Dampo la mjini hupokea pia betri na vyuma. Mwaka 2007 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilitoa taarifa ya uchunguzi wa watoto 328 waliokuwa jirani na dampo la Dandora, Nairobi. Nusu yao walikutwa na madini ya risasi katika damu kupita kiwango kilichokubalika wakati huo.

Wanunuzi wa viwanja nao wasikilize. Jijini Dar es Salaam, dampo la Tabata lilifungwa mwaka 1991 baada ya wakazi kushinda kesi mahakamani. Zikafuata Vingunguti, Mtoni, na kisha Pugu Kinyamwezi. Kufunga dampo huondoa malori, hakuondoi plastiki iliyokwisha kufukiwa.

Marufuku ya mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, Rwanda mwaka 2008, Kenya Agosti 28, 2017 na Tanzania Bara Juni 1, 2019, ilipunguza mzigo mpya. Mzigo wa zamani ungali ardhini.

Faida iko kabla ya dampo. Chupa iliyochambuliwa dukani au nyumbani, ikiwa kavu na safi, ni malighafi ya kiwanda. Ikishachanganyika na udongo, mnunuzi hukata uzito au huikataa kabisa.

Kwa hiyo tunashauri:

- Mboji inunuliwe kwa anayeozesha taka za sokoni zilizotengwa tangu mwanzo, si kwa anayechimba dampo.
- Kabla ya kununua kiwanja au kifusi, waulize wenyeji wa siku nyingi eneo hilo lilitumikaje.
- Mwenye mtaji mdogo aweke fedha katika kukusanya plastiki safi mitaani, si katika kuifukua.

Bei rahisi ya kiroba hulipwa mara moja. Udongo ulioharibika hulipiwa kila msimu.