Je, Wajua? Seva Maelfu Ndani ya Mashine Moja

Je, wajua ya kuwa ile hekima ya kuigawa kompyuta kuu moja iwe mashine pepe nyingi, ambazo kila moja hujiona ina prosesa, kumbukumbu na diski zake peke yake, haikuzaliwa katika zama hizi za intaneti, bali ilianza kutumika mwaka 1967 katika kituo cha utafiti cha IBM mjini Cambridge, Massachusetts, na mwaka 1972 ikatangazwa kwa wateja kwa jina la VM/370?

Mrithi wake leo ni z/VM, na humo kuanzisha seva mpya ya Linux hakuhitaji kununua hata waya mmoja: msimamizi huandika katika daftari la watumiaji jina la seva, nywila yake, kadiri ya kumbukumbu na sehemu ya diski aliyoitengea, kisha huiamuru iamke. La ajabu zaidi, nami naliona ni heshima njema kwa waliotangulia, ni kwamba kiini cha Linux huweza kupelekwa kwa seva hiyo kwa sura ya kadi zilizotobolewa, kikapokewa na kisomea kadi cha anwani 00C, ambacho hakipo ila katika dhana, na seva ikawaka kutokea hapo. Ilhali kadi zenyewe za karatasi zilikwisha kutoweka maofisini zamani.

Mwaka 2000 mhandisi mmoja wa Marekani alijaribu kuwasha seva za Linux moja baada ya nyingine katika kompyuta kuu moja iliyogawanywa kwa namna hiyo, akafika seva 41,400 kabla ya rasilimali kumwishia.