Samaki Papa na Vijidudu vya Hospitali

Ninyi mkaao kando ya ziwa mwajua jambo hili: mtumbwi ukikaa majini siku nyingi bila kusuguliwa huota ukoko wa kijani wenye utelezi. Merikebu za baharini hupatwa na hayohayo, tena zaidi. Mwani na makombe huzishika ubavuni hata zikawa nzito na kula mafuta mengi. Tangu zamani wenye merikebu walizipaka rangi yenye sumu, lakini sumu hiyo huua pia viumbe visivyo na kosa.

Mwaka 2002 Bwana Anthony Brennan, profesa wa Chuo Kikuu cha Florida, Marekani, alikuwa katika bandari ya kijeshi ya Pearl Harbor, akitafuta dawa ya taabu hiyo. Akaona manowari iendayo chini ya maji ikirudi imejaa mwani. Akajiuliza: je, ni mnyama gani wa bahari aendaye polepole, asishikwe na uchafu? Nyangumi siye, maana hubeba makombe mwilini. Ni papa. (Samaki, ndugu zangu, si Baba Mtakatifu wa Roma!)

Akaipiga chapa ngozi ya papa, akaitazama kwa hadubini. Kumbe, imejaa magamba madogo kama meno, na juu ya kila gamba kuna matuta yaliyopangwa vizuri. Basi akaiga mpango huo juu ya mpira laini: matuta yenye upana wa sehemu 2 za elfu za milimita, na kimo cha sehemu 3. Hakutia dawa yoyote. Mbegu za mwani zilizotua hapo zilipungua kwa 85 katika mia.

Ikiwa mwani haupati mahali pa kukaa, je, vijidudu vya ugonjwa? Mgonjwa asiyeweza kukojoa hutiwa mpira wa mkojo. Mpira humsaidia, lakini vijidudu hupanda juu yake, hushikamana na kujifunika ute, kama ule wa mtungi usiooshwa. Ndani ya ute huo dawa haiviwezi vizuri. Na vile vichache vinavyopona huzaa vingine vyenye ukaidi, hata mganga akabaki hana dawa ya kumpa mgonjwa wake.

Katika majaribio yaliyotangazwa mwaka 2007, vijidudu vya stafilokoki viliwekwa juu ya mpira wa aina mbili. Siku ya 14, mpira laini ulikuwa umefunikwa 54 katika mia. Ule wa matuta, 7 tu. Lakini sitaki kuwadanganya: siku ya 21 hata huo wa matuta ulianza kushikwa. Ngozi ya papa huchelewesha, haizuii milele, wala haimwondolei mwuguzi kazi ya kunawa mikono. Uzuri wake ni kwamba haiui, basi haivifundishi vijidudu kuishinda dawa.

Nyenje, mdudu yule apigaye kelele mitini, ana njia kali zaidi. Mwaka 2012 wataalamu wa Australia walionyesha kwamba bawa lake lina vijiti vidogo mno vinavyopasua vijidudu kwa dakika chache. Lakini hufa vile vyenye ukuta mwembamba tu. Vyenye ukuta mnene, kama stafilokoki, huponyoka.