SHAHADA YA PILI KATIKA ELIMU YA ENEO MOJA

Kalamu ziwe tayari, na mwalimu asimame karibu na ubao.

Pengine mmepata kumwona mgeni kutoka ng'ambo. Asema Kiswahili, auliza habari za kilimo, ndoa au ngoma, kisha aandika daftarini. Akiulizwa kazi yake, hujibu: "Nasoma shahada ya pili ya elimu ya Afrika." Je, masomo hayo yamepangwaje?

Kwanza tujue maana. Shahada ya pili huitwa pia shahada ya uzamili. Hutanguliwa na shahada ya kwanza. Mwanafunzi wa elimu ya eneo huchagua mahali pamoja, kama Afrika au Asia ya Kusini. Kisha hupatazama kwa njia nyingi: historia, siasa, dini, sanaa na uchumi. Ni kama mtu anayelizunguka shamba moja pande zote, badala ya kupima udongo tu wa mashamba yote.

Tutwae mfano wa SOAS, chuo kilichoko London, Uingereza. Kilianzishwa mwaka 1916, na neno Afrika likaongezwa katika jina lake mwaka 1938. Kiswahili hufundishwa huko.

Uingereza, shahada kama hii kwa kawaida huchukua mwaka mmoja. Kazi yake hupimwa kwa krediti 180. Krediti moja ni kama saa 10 za kazi, yaani saa 1,800 kwa jumla. Krediti 120 hutoka katika masomo ya darasani. Mwanafunzi husikiliza mihadhara, husoma vitabu, hujadiliana na wenziwe, na huandika insha. Anaweza pia kuchagua lugha. Zinabaki krediti 60. Hizo ni za tasnifu, yaani andiko refu juu ya swali alilolichagua mwenyewe. Mwalimu mmoja humwongoza.

Marekani, masomo haya mara nyingi huchukua miaka miwili, na vyuo vingi hudai lugha ya eneo. Mwaka 1957 Muungano wa Kisovieti ulirusha Sputnik angani. Mwaka 1958 Marekani ikatunga sheria ya kutoa fedha kwa elimu, pamoja na kufundisha lugha za nchi nyingine. Kiswahili kimo katika lugha zilizofaidika.

Sasa, hayo yatuhusu nini? Tasnifu nyingine huandikwa kwa vitabu vya maktaba tu. Nyingine hutokana na maneno ya watu waliohojiwa. Basi maneno yako yaweza kuingia humo. Una haki ya kumwuliza mgeni: wataka kujua nini, na jina langu litaandikwa? Una haki ya kukataa. Hapa Tanzania, mtafiti kutoka nje hutakiwa awe na kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia. Mwambie akuonyeshe. Nawe uliyejifunza kusoma, ukisome mwenyewe kabla ya kujibu.

Maswali ya darasani:
1. Tasnifu ni nini?
2. Krediti 60 ni sehemu gani ya 180?
3. Mgeni akija kukuhoji, utamwuliza nini? Andika maswali mawili.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.