Njia Mbili za Fisi: Uamuzi na Uchaguzi katika Hadithi za Watoto, kwa Mtazamo wa Dodoma na Nyanda za Kati za Tanzania

Ikisiri

Hadithi za watoto zinazohusu uamuzi aghalabu husomwa shuleni kama hadithi za maonyo. Makala haya yanaeleza kwamba usomaji huo huficha kiini cha hadithi hizo, yaani ulazima wa kupoteza kitu ili kupata kingine. Kwa kutumia kisa cha Fisi katika njia panda na ngano mbili nyingine, makala yanaonesha jinsi msamiati wa Kiswahili, mazingira ya njaa ya Nyanda za Kati na swali linaloulizwa mwishoni mwa utambaji vinavyoamua kama mtoto atafundishwa kuchagua au atafundishwa kutii.

1.0 Utangulizi

Methali "Njia mbili zilimshinda fisi" inafahamika kwa wasemaji wengi wa Kiswahili. Kisa kinachoibeba ni kifupi. Fisi mwenye njaa anafuata harufu ya nyama na kufika njia panda. Harufu inatoka pande zote mbili. Anaweka miguu ya kushoto katika njia moja na ya kulia katika njia nyingine, akitumaini kuzifuata zote. Kadiri njia zinavyoachana, ndivyo miguu inavyotanuka, hadi anapasuka msamba na kufa.

Darasani, kisa hiki hufuatwa na swali la kawaida: "Hadithi hii inatufundisha nini?" Jibu linalotarajiwa ni kwamba tamaa ni mbaya. Jibu hilo si kosa, lakini halitoshelezi. Tamaa ndiyo iliyomfikisha Fisi njia panda, siyo iliyomuua. Kama angefuata njia moja kwa tamaa ileile, huenda angekula. Kilichomuua ni kukataa kuiacha njia mojawapo. Kwa msingi huo, kisa kinahusu uamuzi kabla ya kuhusu tamaa, na tofauti hiyo ina athari katika namna hadithi za watoto zinavyofundishwa.

2.0 Msamiati wa Uamuzi

Kiswahili kina vitenzi kadhaa vinavyokaribiana kimaana katika uwanja huu. Kuchagua ni kutoa kimoja miongoni mwa vingi, kama mtu anavyochagua mbegu. Kuamua kuna maana pana zaidi: mtu huamua la kufanya, lakini pia huamua ugomvi kwa kuwatenganisha wanaopigana. Mwamuzi ni mtu anayesimama kati ya pande mbili. Kwa hiyo, anayeamua jambo lake mwenyewe ni kama anayeamulia ugomvi uliomo ndani yake. Fisi alikuwa na ugomvi wa namna hiyo, na hakupatikana mwamuzi.

Usemi kukata shauri unaongeza jambo jingine. Shauri ni neno lililokwisha semwa na mwingine au lililojadiliwa na wengi, ndipo hukatwa. Usemi huu unadokeza kwamba uamuzi hutanguliwa na mashauriano. Fisi yuko peke yake njia panda, hana wa kumshauri. Upweke huo ni sehemu ya maana ya kisa, ingawa hutajwa kwa nadra katika uchambuzi wa darasani.

3.0 Aina Tatu za Uamuzi katika Ngano

Kisa cha Fisi kikilinganishwa na ngano nyingine, zinajitokeza aina tatu za uamuzi. Ya kwanza ni ya uamuzi uliokataliwa, nayo inawakilishwa na Fisi mwenyewe.

Ya pili ni ya uamuzi unaotafutwa kwa kufikiri. Mfano wake ni chemshabongo ya mtu anayetakiwa kuvusha chui, mbuzi na majani kwa mtumbwi unaoweza kumbeba yeye na kimoja tu kati ya hivyo. Chui akiachwa na mbuzi atamla, na mbuzi akiachwa na majani atayala. Ufumbuzi hupatikana kwa kumvusha mbuzi kwanza, kisha chui, halafu kumrudisha mbuzi alikotoka ili majani yavushwe. Watoto wengi hukwama katika hatua hiyo ya kumrudisha mbuzi, kwa sababu inaonekana kama kubomoa kilichokwisha jengwa. Mafunzo yake yako papo hapo: uamuzi mzuri unaweza kuonekana kama hasara kwa muda.

Ya tatu ni ya uamuzi unaoachiwa hadhira. Hizi ni ngano za mtanziko, ambazo Bascom (1975) alizikusanya kutoka sehemu nyingi za Afrika. Mfano unaojulikana sana ni wa ndugu watatu wanaomwokoa msichana: mmoja ana kioo kilichomwonesha akiwa mgonjwa, wa pili ana chombo kilichowafikisha upesi, na wa tatu ana dawa iliyomponya. Fanani hamalizi, anauliza nani anastahili kumwoa. Hadhira hugawanyika, na mabishano yenyewe ndiyo mwisho wa ngano. Hata hivyo, swali hilo lina mpaka wake, kwani msichana haulizwi anamtaka nani. Mtoto wa leo anayelibaini hilo hajaiharibu ngano. Amefanya kile ambacho umbo lake linamwalika kufanya.

4.0 Njaa kama Muktadha

Dodoma hupata mvua ya wastani wa milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, katika msimu mmoja unaoanza takriban Desemba na kuishia Aprili. Mtama na uwele ni mazao yanayostahimili hali hiyo, lakini mvua ikikatika hata hayo hayatoshi. Maddox (1990) ameeleza njaa ya Mtunya iliyoikumba Ugogo kuanzia 1917 hadi 1920, pale ukame ulipokutana na vita vya wakoloni vilivyochukua chakula, mifugo na wapagazi. Katika mwaka wa namna hiyo, kaya hukabiliwa na njia panda halisi: kula mbegu au kuzitunza, kuuza ng'ombe kwa nafaka au kusubiri, kubaki au kuhamia kwa ndugu wa mbali. Kila njia ina harufu ya uhai na kila njia ina hasara.

Kwa hadhira inayoijua hali hiyo, Fisi si mlafi wa kuchekwa tu. Ni mwenye njaa aliyechelewa kukubali hasara. Si jambo geni kwa hurafa kubeba uzito wa namna hiyo. Beidelman (1961), akichambua ngano ya Wakaguru, majirani wa Wagogo kwa upande wa mashariki, alionesha kuwa Fisi na Sungura hubeba mivutano ya undugu unaohesabiwa kwa upande wa mama. Kumfanya Fisi kuwa mfano wa tamaa peke yake ni kumwondoa katika mazingira yanayompa maana.

5.0 Shule, Ngonjera na Swali la Mwisho

Nyanda za Kati zimetoa pia mchango mkubwa katika namna mabishano yanavyoletwa mbele ya watoto. Mathias Mnyampala, aliyezaliwa Ugogo mwaka 1917, ndiye aliyeupa utanzu wa ngonjera umaarufu, na Ngonjera za UKUTA zilianza kuchapishwa mwaka 1970, baada ya kifo chake mwaka 1969. Katika ngonjera, pande mbili hushindana kwa hoja mbele ya hadhira, na vizazi vya wanafunzi vimezighani majukwaani. Kwa umbo, ngonjera ni njia panda iliyopewa sauti. Kwa kawaida, lakini, upande mmoja hukiri kushindwa, na jibu hujulikana kabla ubeti wa kwanza haujaghaniwa. Miaka hiyohiyo Operesheni Dodoma ilikuwa ikiwahamishia wakazi wa mkoa huo katika vijiji vya ujamaa. Suala la nani anaamua na nani anaamuliwa halikuwa la jukwaani tu.

Elimu ya Kujitegemea ya Nyerere (1967) ilitaka mwanafunzi awe mdadisi, ajifunze kutokana na wengine na aweze kukataa au kurekebisha anachojifunza. Lengo hilo linahitaji swali la aina nyingine, na sarufi ya Kiswahili inalo tayari. Viambishi -nge- na -ngali- humwezesha msemaji kuitazama njia ambayo haikufuatwa. "Ungekuwa wewe Fisi, ungefuata njia ipi, na ungeacha nini?" Swali hili halijibiwi kwa methali. Linamtaka mtoto ataje alichokichagua, alichokipoteza na sababu.

6.0 Hitimisho

Hadithi za uamuzi hazihitaji kuvuliwa maadili yake ili zifundishwe vyema. Zinahitaji kuachiwa ugumu wake. Fisi, mvushaji na ndugu watatu hufundisha kwa njia tofauti kwamba kuchagua ni kuacha. Mwalimu anayekimbilia funzo humpa mtoto uamuzi uliokwisha kukatwa na wengine. Anayesita kidogo njia panda, akamwachia mtoto nafasi ya kutoa shauri lake, humwandaa kwa siku ambayo mvua itakatika, naye ndiye atakayetakiwa kusema mbegu ziliwe au zitunzwe.