Kufundisha Maneno ya Nchi Iliyo Wazi kwa Watoto wa Mjini

Mwalimu wa Kariakoo ana tatizo asilokuwa nalo mwenzake wa Shinyanga. Mtoto wa Kariakoo atokapo nje, macho yake hukoma ukutani. Akikuta kitabuni maneno mbuga, uwanda, nyika na jangwa, huyakariri yote kwa maana moja: mahali patupu, mbali na mji. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha namna ya kuyatenganisha maneno hayo, kwa kuanzia pale pale anapoishi mtoto.

Kwanza tukiri kosa letu. Katika shule moja ya mjini tuliandika ubaoni kwamba jangwa ni nchi isiyo na maji. Mtoto mmoja akauliza, "Mwalimu, mbona Jangwani nyumba yetu iliingia maji?" Tulimwambia akae, asivuruge somo. Mtoto yule alikuwa na haki. Bonde la Jangwani hupitiwa na mto Msimbazi, utokao vilima vya Pugu hadi Bahari ya Hindi kwenye daraja la Salender. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Kumnyamazisha mtoto aliyeyaona maji kwa macho yake ni kumfundisha kwamba maneno ya shuleni hayahusiani na maisha yake.

Jibu lilikuwa jepesi. Jina la mahali si maelezo ya mahali. Watoto huwaita Yanga watu wa Jangwani, na Simba watu wa Msimbazi, wala hawatazamii kukuta mchanga kwa hao wala mto kwa hawa. Tena hata jangwa la kweli huweza kupata maji: Chalbi, kaskazini mwa Kenya, ni kitako cha ziwa la kale, na mvua kubwa ikinyesha maji hutanda juu yake. Jangwa hutambulikana kwa uhaba wa mvua na wa mimea katika miaka yote, si kwa siku moja.

Sasa tuyatazame maneno mengine. Uwanda, wingi wake nyanda, hutaja umbo la nchi, yaani upana na usawa wake, wala hausemi lolote juu ya miti. Msitu wa kupandwa wa Sao Hill, wilayani Mufindi, umo katika Nyanda za Juu Kusini. Tambarare nalo husema usawa tu. Hata sakafu ya darasa ni tambarare.

Nyika ni nchi kavu ya bara, yenye vichaka na miiba, ambamo maji ni ya shida. Kwa hiyo nyika si tupu. Mbuga ni nchi pana ya majani, yenye miti michache au isiyo na mti kabisa. Huko Usukumani mbuga ni ya udongo mweusi wa mfinyanzi, unaotuamisha maji masika na kupasuka nyufa kiangazi. Siku hizi watu huita kila hifadhi ya taifa mbuga ya wanyama, hata Udzungwa, ambayo ni milima yenye misitu. Usiwakemee watoto kwa matumizi hayo. Waonyeshe kuwa neno limepanuka.

Mfano bora wa nchi isiyo na miti ni sehemu ya kusini-mashariki ya Serengeti. Majivu ya volkano yaliyotua pale zamani yamefanya tabaka gumu karibu na uso wa ardhi. Mizizi ya miti haipenyi, lakini majani hustawi.

Somo lenyewe tunashauri liende hivi. Wapeleke wanafunzi Mnazi Mmoja. Wakati wa ukoloni wa Waingereza eneo hili liliachwa wazi ili kutenga mtaa wa Wahindi na Kariakoo ya Waafrika. Wasimame katikati, kisha wajibu maswali matatu: Nchi hii ina umbo gani? Ina mimea gani? Mvua ikinyesha, maji huenda wapi? Watasema ni tambarare, nao watakuwa wamesema kweli. Waulize basi kwa nini tunaiita uwanja na si mbuga. Wataona wenyewe kwamba uwanja ni mahali palipoachwa wazi na watu kwa shughuli zao. Jina la mahali hapa nalo ni funzo: penye miti mingi, mnazi mmoja haungetajwa.

Mkirudi darasani, yarudie maswali yale yale matatu kwa picha za mbuga, nyika na jangwa. Na mtoto wa Jangwani akinyoosha mkono, mpe nafasi aseme. Huenda akawa ndiye pekee darasani aliyekwisha kuona bonde likigeuka ziwa.