Virusi isiyosikia dawa: wanaipima namna gani?

Katika biolojia tuliuliza: kama dawa ya sida ni nzuri, kwa nini waganga waliibadilisha? Haya ndiyo niliyopata.

Virusi ya sida inajizaa upesi sana, na ikijikopia inakosea, sawa vile sisi tunavyokopia wakati mwalimu anafuta ubao. Makosa mengi hayaisaidii kitu. Lakini kosa moja linaweza kufanya dawa isiishike tena. Mtu akimeza kila siku, virusi inakosa nafasi ya kuzaana. Akiruka siku nyingi, dawa inapungua katika damu, na ile yenye kosa njo inabaki kuzaana. Kiisha anaweza kumwambukiza mwenziwe, na huyu ataanza dawa siku ya kwanza akiwa na virusi ambayo haisikii.

Kipimo cha kwanza ni kuhesabu virusi. Ikipita 1000 katika mililita moja ya damu, hawasemi mara moja kwamba dawa imeshindwa. Wanaongea na mgonjwa juu ya kumeza, halafu kiisha miezi mitatu wanapima tena. Damu inaweza kukaushwa juu ya karatasi na kusafirishwa bila frigo, jambo kubwa kwa sisi tulio mbali na Kinshasa.

Lakini hesabu hiyo haisemi sababu. Kwa sababu, laboratwari kubwa inasoma herufi za urithi za virusi na kutafuta makosa yanayojulikana. Ni kazi ya bei kali, haifanywi kwa kila mtu. Njo maana wanachagua vituo kwa kura na kupima watu wachache wanaoanza dawa. Mama haonji chungu kizima, anaonja kijiko kimoja. Lakini anakoroga kwanza! Ukipima watu wa hopitali moja ya mjini tu, hujakoroga.

Shirika la Afya la Ulimwengu (OMS) liliweka mpaka: 10 kwa mia. Katika ripoti ya 2017, inchi 6 kati ya 11 zilikuwa zimeupita kwa dawa za jamii ya nevirapini na efavirenzi, Uganda jirani yetu ikiwamo. Mwaka 2019 OMS ikaiweka dolutegraviri mbele, dawa ambayo virusi inaishinda kwa shida. Hata hiyo wanaichunga: ripoti ya 2024 ilionyesha usugu wa 3,9 mpaka 8,6 kwa mia, na 19,6 kwa watu waliohamishiwa dawa hiyo virusi ikiwa bado nyingi.

Namba hizi hazionyeshi kila kitu. Wakati wa vakansi, katika mashua ya kwenda Moba, baba mmoja alitoa kidonge usiku. Vijana wakamuuliza kwa kelele: «Baba, iko dawa ya nini hiyo?» Akajibu ni ya kichwa, akakirudisha mfukoni. Mpaka tunafika sikumwona akikitoa tena.